Nyaga Hakutaja Kwao

Siku ninayoiona vizuri kuliko zote haikuwa na vita ndani yake. Tulikuwa tunapura mtama. Tulikuwa tumeutandaza juu ya ngozi kavu, mama mkwe na fimbo yake, mimi na yangu, na Nyaga amesimama kando akigombana na ng'ombe mweusi aliyetaka kuingiza mdomo.

"Wewe," Nyaga alimwambia yule ng'ombe, "umeolewa hapa kwa mahari gani hata ujifanye mwenye nyumba?"

"Mwache bibi yako ale," mama mkwe akasema.

"Bibi yangu hana pembe, mama."

"Utajuaje, na hujawahi kuoa?"

Nyaga alicheka, akampiga ng'ombe kofi la mgongo, akaenda naye. Hakujibu. Wakati ule sikuona kwamba hakujibu. Niliona jua tu, na vumbi la makapi likipanda, na mlima wa Nyambene nyuma yetu umevaa wingu lake.

Niliishia darasa la nne, kwa hivyo anayesoma haya anivumilie. Nimejaribu kuandika yale niliyoona mimi, na yale niliyoambiwa nimesema niliambiwa. Pengine mtu mwenye shule zaidi angeyapanga vizuri. Lakini wenye shule hawakuwepo.

Kwetu ni chini ya mji wa Maua, mahali milima inapokwisha na nchi inalala tambarare kuelekea Kinna. Juu kuna miraa na baridi, chini kuna mtama, mbuzi na joto. Nyaga alikuja kwetu kabla ya uhuru, mwaka wa ukame, akiwa na panga na mfuko wa ngozi. Baba mkwe, aliyekuwa hai bado, alimuuliza kwao ni wapi. Akasema, "Huko Embu, chini." Baba mkwe akamuuliza kama anajua ng'ombe. Akasema anajua. Basi, mambo yakaishia hapo. Mtu anayejua ng'ombe na asiyekula sana, nani atamhoji zaidi?

Alikaa miaka. Alitundika mizinga ya asali kwenye miti yote ya huko chini, na watoto wangu walijifunza kutembea wakishika vidole vyake vilivyonata. Mama mkwe, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alikuwa akimwekea ukoko wa chungu kwa sababu aliupenda.

Halafu ukaja wakati wa shifta, waasi wenye bunduki kutoka upande wa kaskazini.

Barazani tulielezwa kwamba watu wa upande ule wanataka kwenda na nchi yao Somalia, na kwamba serikali haitaki. Mimi sikujua Somalia iko wapi. Niliwajua Waborana waliokuwa wakileta maziwa ya ngamia na kuondoka na mtama wetu, na mama mmoja wao aliyenionyesha jinsi ya kumbeba mtoto mwenye homa. Walipoacha kuja, tulisema wamekuwa maadui. Baadaye niliambiwa kwamba wao pia walikusanywa wakafungiwa ndani ya ua wa miiba, na mifugo yao ikafa kwa wingi. Hayo sikuyaona. Nayaandika kwa sababu na wao walikuwa na watu wao wa kulia.

Yale niliyoyaona ni haya. Ng'ombe wa jirani walichukuliwa. Lori lilichomwa barabarani. Vijana wetu walipewa bunduki kuukuu wawe walinzi wa kijiji, na mmoja wao alikuwa Kaberia, aliyekaa boma la pili kutoka letu. Kaberia alikuwa mtu wa mzaha, mwimbaji wa kanisani. Alifundishwa kupiga shabaha kwa muda mfupi sana, na alikuwa akituambia mwenyewe, "Nikilenga fisi, nyinyi laleni chini nyote."

Tulicheka. Tulicheka sana miaka ile, sijui kwa nini.

Jioni ile nilikuwa nimeshuka mtoni kuchota maji. Jua lilikuwa bado liko. Nyaga alikuwa ananywesha ng'ombe, na Kaberia alikuwa juu ya jiwe nyuma yetu, akilinda.

Ndege walinyamaza.

Nilisikia mlio mmoja kutoka ng'ambo, kwenye vichaka. Nikaona watu, watatu au zaidi, wamefunga vitambaa kichwani.

Ng'ombe walitawanyika. Nyaga alikimbia, lakini hakukimbia kuja kwetu. Alikimbia kuwazuia wasivuke.

Kaberia alifyatua. Wale wa ng'ambo wakafyatua. Kaberia akafyatua tena.

Mimi nililala kwenye matope.

Nilipoinua kichwa, wale watu hawakuwepo, na ng'ombe wengi walikuwepo. Nyaga alikuwa amelala, uso ukiwa ndani ya maji. Tulimgeuza. Alikuwa amekwisha.

Jeraha lilikuwa mgongoni.

Nimelifikiria jeraha hilo maisha yangu yote. Alipokimbia aliwapa wale watu uso na Kaberia mgongo. Lakini mtu anayezuia ng'ombe hugeuka huku na huku, na mimi nilikuwa nimefumba macho. Siwezi kuapa ni risasi ya nani. Kaberia naye hawezi. Alikaa chini pale pale, bunduki miguuni, akaniambia, "Mama Mwiti, nimelenga wao. Mungu anajua nimelenga wao."

Naibu wa chifu alikuja kesho yake na askari. Aliandika, akauliza, "Ndugu zake ni nani?"

Tukatazamana.

"Baba yake anaitwaje?"

Mume wangu, Kirimi, akasema, "Alikuwa Nyaga tu."

"Nyaga tu," naibu akasema. "Miaka yote hii mmekula asali ya mtu, na hamjui hata baba yake?"

Ilikuwa aibu, lakini alisema kweli.

Hatukuweza kumngoja mtu tusiyemjua, kwa ajili ya joto. Tulimzika kando ya shamba la mtama, mkatekista akaomba. Watu walipotawanyika mama mkwe alibaki amesimama. Alikuwa Mkristo wa siku nyingi, lakini akasema jambo la zamani, la ndugu kunyoa vichwa wakimlilia maiti wao, "Nani atanyoa nywele kwa ajili yake?" Kisha akamgeukia Kirimi. "Kuna mtu mahali fulani anamtazamia njiani. Huwezi kumwacha mtu akitazama njia ambayo haina mtu. Nenda Embu."

Kirimi alienda. Alirudi akiwa amekonda na hasira.

"Nimeenda ofisini," akatuambia. "Karani ananiuliza, Nyaga yupi? Ati, 'Nikitoa kichwa dirishani niite Nyaga, nusu ya soko itageuka.' Nikaenda sokoni. Kweli, Nyaga ni wengi kama nyuki. Nikawaeleza alivyosema, alivyotembea, mizinga yake. Mama mmoja wa maharagwe akanicheka. 'Mtu wa mizinga? Sisi hapa ni watu wa kahawa. Mtafute huko chini kwenye joto.' Huko chini ni wapi? Ni nchi nzima!"

"Rudi," mama mkwe akasema.

"Mama, nirudi nikaulize mawe?"

Walinuniana wiki hiyo yote. Mimi nilikuwa upande wa wote wawili, jambo ambalo halimfurahishi yeyote.

Ikawa tunapalilia, mama mkwe akasimama ghafla na jembe mkononi. "Lile blanketi," akasema.

Nikakumbuka. Mwaka mmoja wa baridi, mzee aitwaye M'Ikiara kutoka Maua alipita kwetu akitafuta ndama. Alikaa, akanywa uji, na kama kawaida ya wazee akajitaja yeye na ukoo wake na babu zake. Nyaga alikuwa mlangoni na blanketi lake jipya mabegani, la kwanza kununua. M'Ikiara akamwambia kwa mzaha, "Kijana, blanketi hilo lingenifaa mimi." Nyaga aliingia ndani. Alilivua, akampa kwa mikono miwili, akatoka. Hakuonekana mpaka mzee alipoondoka. Kirimi alimwita mjinga. Mama mkwe alimlaumu mzee kwa kumnyang'anya mfanyakazi. Nyaga alilala na gunia msimu huo wote na hakulalamika.

"Hakuwa mjinga," mama mkwe akasema sasa. "Na hakuwa mwoga. Kwa nini mtu anampa mgeni blanketi bila hata kusita? Mama Mwiti, ile ilikuwa gichiaro."

Kwa asiyejua, gichiaro ni undugu wa ukoo na ukoo. Wazee wa kale waliufunga kwa kiapo, ukoo wa huku na ukoo wa mbali, na mtoto huzaliwa ndani yake. Mtu wa gichiaro chako akikuomba kitu, humnyimi. Akikuamuru jambo, unalitenda. Humwagi damu yake, na humdanganyi kamwe. Ndugu wa tumbo moja unaweza kumdanganya, kisha mkapatana. Wa gichiaro hapana. Hata sisi tunaoenda kanisani tunaogopa.

Tulipanda kwenda Maua siku ya pili, mimi na mama mkwe. M'Ikiara alikuwa anafunga miraa na wanawe, majani ya migomba yamemzunguka. Mama mkwe alimweleza yote. Mzee aliweka kitita chini.

"Nilifikiri ananiheshimu kwa mvi," akasema.

"Na sisi tulifikiri wewe ni mwizi," mama mkwe akajibu.

"Haki yenu." Akafikiri. "Gichiaro chetu kiko Tigania, na kiko Tharaka. Mtu wa Tigania mngemjua akifungua mdomo tu. Basi huyu ni Mtharaka. Na kuna wale waliovuka mto Thuci wakati wa njaa, wakakaa na Wambeere upande wa Ishiara. Hao ndio wangesema wametoka Embu chini." Akakiokota kitita, akakiweka tena. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nimelala na blanketi la ndugu yangu, na yeye yuko ardhini. Kwa nini hakujitaja? Angejitaja ningemwambia..."

Nadhani aliona jibu wakati ule ule nami nililiona. Angejitaja, mzee angemuuliza, "Unafanya nini kwa watu wa mbali? Rudi kwenu." Na Nyaga hangeweza kukataa. Ndiyo maana alitoa blanketi haraka, akajificha.

Ikaamuliwa M'Ikiara aende, na mimi niende naye, kwa sababu nilikuwa nimeona kifo, na kwa sababu nilikuwa na Kiswahili cha njiani. Kirimi alibaki kulinda boma.

Kabla hatujaondoka, Kaberia alikuja. Alikuwa hajaimba kanisani tangu siku ile.

"Mzee," akamwambia M'Ikiara, "semeni ni shifta. Si uongo. Huenda ni wao."

"Na huenda ni nani mwingine?"

Kaberia aligeukia njia kama anayetaka kuondoka.

"Sikiliza, kijana. Wakiniuliza nitasema nilichoambiwa, chote. Wasiponiuliza sitaki kusema. Zaidi ya hapo siwezi kukupa, hata ungekuwa mwanangu."

"Wakija kudai damu?"

"Basi watakuja."

Kaberia alinitazama mimi. Alikuwa na watoto wadogo kama wangu. Niliinama nikafunga mzigo wangu.

Tulienda kwa basi mpaka Chuka, kisha tukashuka kwa miguu, siku yote, kutoka kwenye migomba mpaka kwenye miiba na mawe mekundu. Njiani kulikuwa na amani. Ilinishangaza. Watoto walichunga mbuzi bila kutazama nyuma. Wanawake waliimba wakichota maji. Nilikuwa nimesahau kwamba nchi ilikuwa na mahali ambapo mlio wa ghafla ni tawi tu limevunjika. Kila mti ulikuwa na mzinga, na nikaanza kulia, nikajifanya ni vumbi.

Haikuwa vigumu tena. M'Ikiara alitaja ukoo na jina la Nyaga kwa mtu wa kwanza, mtu huyo akamtaja wa pili, wa pili akatupeleka mlangoni. Nyumba ilikuwa ya mzee mmoja, Muthengi, baba yake Nyaga. Alikuwa hai. Alikuwa na mwili wa Nyaga, lakini umekauka.

M'Ikiara alijitaja. Mzee Muthengi aliagiza mbuzi achinjwe kabla hata hajajua tumeleta nini, maana ndivyo gichiaro kinavyopokelewa. M'Ikiara akasema, "Ndugu yangu, usichinje kwanza."

Alimwambia.

Mzee alikaa chini, akachora mchanga kwa fimbo yake. Jirani mmoja alitunong'onezea habari. Mke wa Nyaga alifariki akijifungua, na mtoto naye. Nyaga alikuwa mbali akilina asali. Baba yake, kwa uchungu, alimwambia kwamba nyuki walipata mume bora kuliko aliyempata yule msichana. Nyaga alichukua panga lake akaondoka. Maneno yenyewe yalikuwa hayo tu. Mzee alikuwa ameyajutia kila mwaka, jirani alisema, na alimtafuta mpaka Embu mjini na Meru. Hakufikiria kumtafuta Igembe, huku kwetu.

"Ameuawa na nani?" Mzee Muthengi akauliza.

M'Ikiara alisema yote. Shifta walikuwa mbele, Kaberia alikuwa nyuma, jeraha lilikuwa mgongoni, hakuna ajuaye. Alisema polepole kama mtu anayetembea juu ya mawe ya mto. Mzee akanigeukia, nami nikasema ni hivyo, na kwamba nilikuwa nimefumba macho.

"Anaitwa nani huyo mwenye bunduki?"

"Kaberia," M'Ikiara akasema.

"Kaberia," mzee akarudia. Alilirudia mara nyingine, kama mtu anayejifunza jina la mtoto wa wageni.

Nilidhani lile gumu limepita. Wakatuletea uji. Mzee hakunywa. Akauliza, sauti ndogo, "Na huko kwenu, alikuwa akitutaja?"

M'Ikiara aliinuka. Alisema anataka kutazama mbuzi. Alitoka nje, akaenda mbali kabisa, mpaka kwenye ua wa miiba, akatugeuzia mgongo.

Nilielewa alichofanya. Yeye hakuruhusiwa kudanganya. Mimi sikuwa wa ukoo wake. Mimi nilikuwa mwanamke wa watu wengine, sikufungwa na kiapo chochote. Alikuwa ameniachia mlango wazi.

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. *Alikutaja kila siku, baba. Alikuwa akipanga kurudi baada ya mavuno.* Nani angejua?

Mzee alinitazama. Hakuwa akiomba. Alikuwa anataka kujua.

"Hapana, baba," nikasema. "Hakututajia kwao. Hata mara moja."

Aliitikia kwa kichwa. Akavuta goti lake kwa mikono miwili, akaegemea ukuta. Kwa habari ya risasi hakuwa amelia. Sasa machozi yalishuka, bila sauti, akayaacha yashuke.

Baadaye aliniuliza alikuwa akila nini, alilala wapi, nani alimcheka, nani alimpenda. Nilisema mpaka jua likazama. Nilimweleza kuhusu ukoko wa chungu na vidole vilivyonata. Aliniambia tumwache Nyaga pale alipo. "Alipachagua," akasema. Asubuhi binti wa mzee, dada yake Nyaga, alinyolewa nywele mbele yetu, na mzee mwenyewe akainamisha kichwa, naye akanyolewa.

Alifariki kabla ya mvua iliyofuata. Tuliambiwa na mfanyabiashara wa asali.

Hakuna mtu aliyekuja kudai damu. Kaberia aliwangoja maisha yake yote. Mgeni yeyote akitokea njia ya kusini, Kaberia alisimama, akajipangusa mikono, akangoja aambiwe. Alizeeka hivyo. Nilimwambia mara nyingi kwamba mzee hakusema neno la kisasi. Akasema, "Alisema jina langu, sivyo?" Nikasema ndiyo, alilisema. Haki ni kusema yote.

Vita vilikwisha. Waborana walirudi na maziwa, wachache, na yule mama wa mtoto mwenye homa sikumwona tena. Sikujua jina lake, kwa hivyo sikujua nimuulizie vipi.

Mama mkwe, kabla hajafa, aliniuliza mara moja nilimjibu nini yule mzee. Nilipomwambia, akasema, "Mimi ningemdanganya." Kirimi alisema nilifanya vyema. Mkatekista alisema vyema. M'Ikiara hakuwahi kuniuliza, na tulirudi naye mpaka Chuka bila kuzungumza, yeye mbele, mimi nyuma.

Naye mama mkwe, aliyesema angemdanganya, alikuwa mtu mwema kuwashinda wote hao.